Mama Raeli wa Sparkhill, Aliyeshika Mkono wa Mkwe Wake

Alizaliwa mwaka 1943 katika kijiji cha vilimani karibu na Litein, upande wa Kericho, mtoto wa nne wa mfugaji arap Koech na mkewe Taprandich. Alibatizwa jina la Raeli. Nyumbani kwao kila kitu kilikuwa ng'ombe: mahari, sherehe, faini, na kikombe cha kwanza cha asubuhi. Ndama akifa, mama yake hugoma kutoa maziwa, kwa hiyo watu wa huko walikuwa na desturi ya kumchuna ndama yule, kuijaza ngozi yake nyasi kavu na kuiweka mbele ya ng'ombe aliyefiwa, ailambe na kutulia huku mtu akimkamua. Kazi ya kuishika ngozi na kusema maneno ya kubembeleza ilikuwa ya Raeli, kwa sababu hapakuwa na ng'ombe aliyeikataa sauti yake. Alisifiwa kwa kazi hiyo, naye aliifurahia. Wapo siku hizi wanaopenda kusimulia kwamba alikuwa mtakatifu tangu tumboni, lakini dada zake walituambia alikuwa mtoto mkaidi, mwenye sauti nzuri, aliyependa maziwa kupita kiasi.

Alisoma shule ya misheni, akafaulu, na mwaka 1967 akaja Birmingham kusomea uuguzi katika hospitali moja ya jiji. Alipanga chumba Sparkhill, katika zile nyumba zilizoshikana, na Jumapili akasali na kikundi kidogo cha Waafrika Mashariki ambacho baadaye ndicho kilichozaa jumuiya yetu ya Kiswahili. Baridi ilimtesa. Chakula cha kantini kilimtesa zaidi. Hata hivyo aliandika nyumbani kwamba yu mzima na kwamba maziwa ya huku huletwa mlangoni alfajiri, jambo ambalo baba yake hakuliamini hadi anakufa.

Wito ulimjia asubuhi moja ya Machi 1969 pale Digbeth, mahali ambapo hakuna aliyetarajia kukutana na Mungu. Raeli alikuwa ametoka zamu na anasubiri basi. Lori lililobeba ng'ombe kwenda soko la nyama lilifunguka mlango, na maksai mmoja mwekundu akatoka mbio kuelekea stesheni ya mabasi ya safari ndefu. Watu walipanda juu ya kuta, askari akabaki katikati ya barabara na filimbi yake, hajui aipulize au akimbie. Raeli aliweka mkoba chini akaita kwa ule mwito wa kwao wa kubembeleza ng'ombe. Maksai alisimama, akageuza masikio, akamjia polepole, akaweka pua yake kiganjani mwake. Wenye lori wakamfunga kamba. "Well done, bab," askari alimwambia, kwa neno wanalotumia wazee wa jiji hili kwa mtu wanayempenda. Raeli akauliza mnyama anapelekwa wapi, naye akamwonyesha kwa kidole jengo la wachinjaji, ng'ambo tu ya barabara.

Basi lake lilikuja likapita, naye amesimama palepale. Miaka mingi baadaye aliwaambia wanafunzi wake: "Watu walikuwa wengi pale, lakini aliniamini mimi. Na mimi ndiye niliyemkabidhi." Tangu siku ile hakula nyama. Kabla mwaka haujaisha aliacha na maziwa pia, kwa sababu kila alipoyatia kwenye chai alijiona mtoto tena, ameshika ile ngozi ya nyasi, anamdanganya mama aliyefiwa kwa sauti tamu. Aliapa mbele ya Mungu kwamba sauti yake haitamdanganya tena kiumbe yeyote. Neno vegan, yaani mtu asiyetumia chochote kitokacho kwa mnyama, hakulijua bado. Alijua tu kile ambacho hawezi tena kukifanya.

Jirani yake Kamla, Mhindi mzaliwa wa Kisumu aliyefungua duka la nafaka barabara ya Stratford, ndiye aliyemsikia wa kwanza, naye alishangaa mno. "Nyama sawa, dada, hata sisi nyumbani hakuna kula nyama. Lakini maziwa? Chai utakunywa vipi? Wewe taka kufa?" Hakufa. Kamla alimpimia choroko, mbaazi na karanga, akamfundisha kutia tangawizi nyingi kwenye chai ya rangi mpaka isahaulike kwamba kuna kitu kimekosekana. Kule Kings Heath Raeli alikuta Waingereza wachache waliokuwa wakila kama yeye, wakamkaribisha kwa upendo. Aliwasifu kwa dhamiri yao. Kuhusu chumvi katika sufuria zao alinyamaza kwa mkutano mmoja tu, kisha akafunga aproni akaingia jikoni mwenyewe.

Hapo ndipo alipozaliwa Mama Raeli tunayemjua. Kila Jumanne, katika ukumbi mdogo wa Kings Heath, alifundisha kupika githeri, maharagwe ya nazi, uji wa wimbi wenye karanga, na mchicha unaoweza kumfanya mtu mzima arambe sahani. Walikuja Wakenya, Wasomali, Wahindi wa Uganda na Waingereza wenye njaa. Hakugombeza mtu wala kuonyesha picha za kutisha. Neno lake lilikuwa moja: "Onja kwanza, tubishane baadaye." Alimwoa Ezekiel, dereva wa mabasi ya jiji, au tuseme Ezekiel alimwoa yeye, ingawa waliowajua wanacheka kusikia hivyo. Walimpata binti mmoja, Cherono, mwaka 1972. Ezekiel alifariki mapema, na Raeli akamlea mtoto peke yake kwa mshahara wa uuguzi.

Kanisani mambo hayakuwa rahisi. Wazee wa jumuiya walimwita, na msemaji wao, Mzee Daud, alimwambia waziwazi, "Dada Raeli, unatuletea dini mpya." Akajibu, "Mzee, dini ni ileile. Nimebadilisha sufuria tu." Wakamwondoa kwenye kamati ya jikoni. Sikukuu ya mavuno ya mwaka ule alileta chungu chake cha mbaazi akakiweka mwisho wa meza, mbali na mbuzi, na chungu hicho ndicho kilichokwisha kwanza. Mzee Daud alirudia mara mbili. Mambo hayo aliyachukua kwa kicheko. Jaribu lililomuumiza lilitoka nyumbani mwake mwenyewe.

Mwaka 1998 Cherono alichumbiwa na Kiprono, mhandisi wa London, na wazazi wa kijana wakaja kutoka Bomet kufunga uchumba katika sebule ya Sparkhill. Kwa desturi yao, mama wa binti humpa baba mkwe kwa mkono wake mwenyewe kikombe cha mursik, maziwa yaliyogandishwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa mkaa. Baba mkwe akinywa, koo mbili zimekubaliana. Raeli alikuwa hajagusa maziwa kwa karibu miaka thelathini. Alitaka kutoa uji wa wimbi. Cherono alilia. Kisha binti akaleta shauri lake: "Mum, tumia soya. Weka kwa kibuyu, weka na mkaa. Nobody will know. Please, do it for me." Raeli akakubali. Hatutalificha hilo. Alikuwa mama wa mtoto mmoja, na alimpenda kuliko alivyoweza kusema. Alijaribu akashindwa, akajaribu tena, mpaka maziwa yale ya soya yakachachuka vizuri na kupata ile rangi ya kijivu inayotakiwa.

Siku ikafika, sebule ikajaa hadi ngazini. Mzee arap Mosonik, baba wa kijana, alipokea kikombe kwa mikono miwili, akamtazama Raeli akatabasamu. "Mkwe," akasema, "tangu nitue nchi hii nakunywa vitu vya pakiti tu. Sasa ndiyo nimefika nyumbani." Akainua kikombe. Raeli aliyaona macho yale, akajua ni wapi aliwahi kuaminiwa namna hiyo. Akanyoosha mkono akaushika mkono wa mzee.

"Mzee, ngoja. Usinywe kabla hujajua. Haya si maziwa ya ng'ombe, ni ya maharagwe. Mimi maziwa siyagusi, na nilitaka unywe bila kujua. Nisamehe."

Shangazi wa kijana ndiye aliyesema wa kwanza: "Yaani tumetoka Bomet yote tuje kunyweshwa beans?" Mzee arap Mosonik aliweka kikombe mezani bila kukigusa kwa midomo, akaomba koti lake. Wageni walipotoka, Cherono alimwambia mama yake maneno haya tu: "One cup. You couldn't give me one cup." Harusi ilifungwa London mwaka uliofuata. Maziwa yalimiminwa na yule shangazi, na Mama Raeli hakualikwa.

Miaka kumi ilipita binti hajakanyaga Sparkhill. Wajukuu wawili walizaliwa, na bibi yao aliwajua kwa picha ambazo Kiprono alimtumia kimyakimya. Kila siku ya kuzaliwa alipiga simu, na simu haikupokelewa. Alilia, tena sana. Kamla alimsikia kupitia ukuta. Siku moja Kamla akamwambia kwa uchungu, "Wewe ungenyamaza tu! Ungekuwa na mtoto wako leo." Raeli akajibu, "Kosa langu ni kukijaza kile kibuyu, Kamla. Kusema hakukuwa kosa." Jumanne iliyofuata alikuwa ukumbini kama kawaida, sauti juu, anamfokea mtu kwa kukata vitunguu vinene. Miaka hiyo ya upweke ndiyo iliyozaa matunda mengi: madarasa yakaenea hadi Leicester na London, na vijana wakaanza kumwita mama wa harakati yao.

Ni katika miaka hiyo pia kwamba watu walianza kusimulia maajabu. Inasemwa kwamba farasi wa polisi, akielekea uwanja wa mpira, alisimama mbele ya Raeli akalaza kichwa begani mwake, na askari mwanamke aliyempanda akabaki kuomba radhi kwa magari yote nyuma yake. Merveille, Mkongo aliyemsaidia jikoni, anashuhudia kwamba jioni moja Mama alizama katika kumwombea binti yake hadi wakasahau sufuria ya maharagwe motoni, na waliporudi, maji yamekauka kabisa lakini hakuna punje iliyoungua. "Mimi niliona na macho yangu, vraiment," husema. Kanisa halijatoa neno juu ya mambo haya, nasi hatuwatangulii maaskofu. Ila anayejua kupika maharagwe atapima mwenyewe ni lipi kubwa zaidi.

Mwaka 2008 Mzee arap Mosonik aliugua huko Bomet. Cherono alikwenda kumuuguza. Daktari aliwaambia watoto kwamba ni saratani na hakuna la kufanya, nao wakakubaliana kumwambia baba kuwa ni vidonda vya tumbo. Mzee alimeza dawa za vidonda, akazidi kukonda, akiwatazama mmoja mmoja. Asubuhi moja alimwita mke wa mwanawe. "Mpigie mama yako simu," akasema. "Ni yeye peke yake aliyewahi kuniambia ukweli kabla sijameza."

Cherono alipiga ile namba aliyokuwa haipokei. Alimweleza mama yake kila kitu, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, akamwomba azungumze na mzee yeye mwenyewe. Raeli alikataa. "Mimi niko mbali, siwezi kumshika mkono. Wewe uko naye. Vuta kiti, mshike, mwambie. Usimwache aulize mara ya pili." Cherono akafanya hivyo, na mashemeji zake wakamkasirikia hata wengine wakatoka chumbani. Lakini mzee aligawa mashamba yake kwa amani, akapatana na nduguye, akachagua mwenyewe mahali pa kuzikwa. Baada ya mazishi Cherono alitua Birmingham na wanawe, akaenda moja kwa moja Sparkhill na masanduku. Mama Raeli alifungua mlango, akawatazama, akasema, "Mmekula?"

Walikuwa pamoja miaka kumi na mmoja. Mnamo Novemba 2019 Mama Raeli alilazwa, moyo wake umechoka. Madaktari walizungumza na Cherono kwenye korido, na mmoja alimshauri kwa wema asimwambie mgonjwa mambo mengi. Alipoingia, mama yake aliuliza, "Daktari amesemaje?" Cherono alivuta kiti, akamshika mkono.

"Mama, amesema hutapona. Ni siku chache tu. Mimi sitoki hapa."

"Asante," Mama Raeli akasema. "Umesema vizuri." Akafumba macho akapumzika, mkono wake mkononi mwa binti yake, na siku ya tatu Bwana akamchukua.

Leo Merveille ndiye anayeongoza madarasa ya Jumanne, na ukumbi hautoshi. Wapo waliofuata njia ya Mama Raeli kwa ajili ya wanyama, wengine kwa ajili ya afya zao, na wengine, tuseme tu, kwa ajili ya mchicha. Sote twaweza kumwiga, hata tuliobaki na mbuzi wetu wa sikukuu: tusiitumie imani ya yeyote kumpeleka asikokujua, awe mnyama au mkwe. Tuliandaa maisha haya yasomwe kanisani, na baadhi ya waumini wakatuomba tuongeze kwamba mwishowe Cherono naye aliacha maziwa, ili simulizi ipendeze. Hakuacha. Anakunywa chai ya maziwa kila asubuhi, na mama yake alikuwa akimwandalia kikombe kitupu mezani, atie maziwa mwenyewe.