Jina Kabla ya Kisu

Siku yangu ya kwanza katika kichinjio cha Kitengela sikuchinja hata kuku. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nimetoka Garissa, kijana wa mabega mapana nikidhani kazi ni nguvu. Mchinjaji Mkuu, mzee mkali mwenye ndevu za hina, alinipa kisu na noo, yaani jiwe la kunolea, akanipeleka nyuma ya ukuta. "Noa hapa," akasema. "Ng'ombe asione kisu chako kabla ya wakati wake." Nikanoa mpaka jioni, nimenuna.

Ninyi vijana mmekuta mashine, kwa hiyo niwaeleze. Mnyama alilazwa akielekezwa kibla, wasaidizi wakamshika miguu, na mwenzake asimwone. Mchinjaji akasema "Bismillahi, Allahu Akbar," akakata. Mchinjaji Mkuu hakutaka jina la Mungu litamkwe tu. Kisu kilipaswa kungoja mpaka limalizike. "Roho hii si yako wala si yangu," aliniambia. "Omba ruhusa kama mtu mwenye adabu."

Baadaye nilipelekwa kichinjio kidogo cha Kajiado. Kule ng'ombe walikuwa wachache, na mshahara mdogo vilevile. Wafugaji wa Kimaasai waliwaleta wenyewe. Tulisalimiana kwa lugha yao, "Sopa!" "Epa!" kisha habari za mvua na malisho, halafu habari za huyo ng'ombe mwenyewe, mama yake ni nani na alinyonyaje. Ukishasikia hayo huwezi kumkata kama unakata mkate. Nilichinja, nikaoga, nikaenda kuswali adhuhuri moyo umetulia. Na bado nilinung'unika kila mwisho wa mwezi, mjinga mimi.

Kitengela ilipopanuka na nyama ya Nairobi kutakiwa kwa malori, Meneja wa kichinjio aliniita nirudi. Mchinjaji Mkuu alikuwa amestaafu, nami nikapewa cheo chake. Malipo sasa yalikuwa kwa kichwa: ukichinja wengi, unapata zaidi. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mcheshi, mtu wa kanisa kila Jumapili, ila alikuwa na malori yake. "Abdi, lori iko hapa tangu asubuhi," alisema. "Wewe uko na mkono mzuri, hebu ongeza spidi kidogo!"

Nikaongeza, na jina nalo likafuata spidi. Mwanzo nililisema pamoja na kisu badala ya kabla yake. Mwishowe likawa kama mtu anayekohoa. Mkaguzi alipiga nyama muhuri, ikaliwa, hakuna aliyelalamika. Nilinunua ploti, nikajenga nyumba za kupangisha. Swala ya adhuhuri nikaisogeza hadi alasiri, ya alasiri nikaisogeza hadi nyumbani.

Siku moja Mchinjaji Mkuu alikuja kututembelea, akasimama mlangoni na bakora yake. Nikachinja mbele yake kwa mbwembwe, nikitaka anisifu. Hakunigombeza. "Mkono wako umekuwa mwepesi kuliko wangu," akasema. "Lakini masikio yangu yamezeeka. Jina sijalisikia." Nikacheka, nikamnunulia chai.

Kisha hooyo akaugua. Ndivyo tunavyomwita mama kwetu. Nilimleta Kitengela, nikamweka katika nyumba iliyo nzuri kuliko zote nilizojenga, nikamletea daktari. Saa yake ilipokaribia, ndugu walinisukuma mbele, mimi kifungua mimba, nimsomee shahada sikioni naye aifuate. Nikainama. Ulimi ukaenda wenyewe, mbio, kana kwamba lori linangoja nje. Midomo yake ikajaribu kunifuata, ikashindwa. Nikarudia, mbio vilevile. Akafungua macho.

"Polepole, mwanangu," alisema. "Una haraka ya nani?"

Dada yangu akanisogeza kando, akamsomea neno kwa neno, na hooyo akamfuata mpaka mwisho. Mimi nilisimama mlangoni mwa nyumba niliyoijenga mwenyewe, nikilia kama mtoto.

Sasa nimestaafu. Siwaambii mali ni mbaya. Wapangaji ndio wanaonilisha, na mwenye njaa naye huswali akiwaza ugali. Ninachojutia ni kwamba ibada niliwekewa mkononi kila asubuhi, ndani ya kazi yenyewe, nami nikasema nitaitafuta nikishamaliza kujenga. Nilimaliza kujenga. Siku hizi hufika msikitini kabla ya mwadhini, nikaketi mstari wa mbele, na bado ulimi hufika mwisho wa aya kabla yangu.

Idd iliyopita wanangu walinipa mbuzi nimchinje, kwa heshima ya uzee. Nikamlaza, nikamwelekeza kibla. Nilitaka nilitamke jina polepole, lote, kama nilivyofundishwa. Kila nilipofungua mdomo nilihisi ulimi unataka kukimbia, nikaufunga tena. Watu wakangoja.

"Mzee, umesahau maneno?" mkwe wangu akaninong'oneza.

"Maneno ninayo," nikamjibu, nikampa kisu.