Msomaji wa Koko

Juzi binti yangu alinisomea ujumbe uliotoka Beni kwenye simu yake, maana macho yangu siku hizi yamechoka. Alisoma haraka, bila kukwama hata mara moja. Nikamkumbuka koko, mama wa baba yangu, alasiri moja kule Kipese.

Alikuwa anachambua maharage uani, moshi wa mikaratusi ukituwasha macho, dereva wa lori alipomletea barua ya baba mdogo. Kaka yangu Paluku, mwanafunzi wa sekondari, alikuwa anajua kusoma bila kukwama, kama padri kanisani. Akanyoosha mkono.

“Hapana, wee acha,” koko akamwambia. “Kavira, kuya, mama. Unisomeye.”

Nikamsogelea, nikaichukua barua. Mimi nilikuwa darasa la tatu. Nilifuata kila neno kwa kidole, nikijikwaa, hadi nikafika pale baba mdogo alipoandika kwamba mtoto wake wa kwanza walishamzika. Nikasoma na hilo, kwa sauti ileile. Koko aliendelea kuchambua, ila sasa mawe na maharage yalikuwa yanaanguka pamoja kwenye sufuria.

Baadaye nilimringia Paluku kwamba mimi ndiye ninayejua kusoma humu ndani.

Kumbe Paluku alikuwa ameshajua kuruka mistari yenye habari mbaya. Mimi nilikuwa bado.

Nilimshukuru binti yangu, nikangoja aingie jikoni. Simu ilibaki mezani. Nikamwita bintiye mdogo, wa darasa la tatu.

“Kuya, mama, unisomeye. Polepole. Na kidole.”