Chumba cha Mhudumu

Mhudumu wa behewa la kulala la treni iendayo Zambia, Mhehe wa Ipogolo, humsalimia kila abiria kwa Kihehe, "Kamwene," hata Mzambia. Shuka hulinyoosha kwa kiganja mara tatu, kisha hulipiga kofi kana kwamba limemkosea. Mlango wa abiria haugusi kabla hajaugonga kwa ufunguo mara mbili na kuitikiwa. Na hana mjadala: wanaume chumba chao, wanawake chao.

Juzi Zehra, mwenye duka Mbeya, alikuwa akimrudisha mumewe Shabbir kutoka hospitali Dar, mikono ikimtetemeka hata kikombe hawezi kushika.

"Kaka, usiku nani atamnywesha dawa?"

"Sheria ni sheria, mama. Mzee kule, wewe huku."

Mhudumu aliitazama ile mikono, akajikuna kidevu kwa ufunguo, akaenda mwisho wa behewa. Akatoa koti na chupa yake ya chai kwenye kachumba kake, akatandika, akanyoosha mara tatu, akapiga kofi.

"Hiki si cha wanaume wala cha wanawake. Ingieni."

Asubuhi, Mbeya ikikaribia, Zehra alisikia ufunguo ukigonga mara mbili. Mlango haukufunguka. Mhudumu aliyekesha amesimama alikuwa nje ya chumba chake mwenyewe, akingoja kuambiwa karibu.