Nyuzi Juu ya Bawa

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi ile tulipofunga bawa la ndege juu ya pikapu ya babu yako, kwenye barabara ya Ndalambo. Nakuita mwanangu ingawa hatujapishana sana kwa umri. Shangazi ni shangazi.

Bawa lilikuwa la Tumaini, niliyesoma naye uhandisi wa ndege. Ndege ikiinua pua kupita kiasi, hewa huacha kushika mgongo wa bawa, na ndege huanguka. Tumaini alitoboa kwenye bawa matundu membamba ya kupulizia hewa kwa pampu, ili ile iliyobanduka irudi. Alidai kupuliza kwa vipindi kunashinda kupuliza mfululizo. Juu ya bawa alibandika nyuzi za sweta: zikilala, hewa imeshika, zikicheza ovyo, imeachia. Wiki iliyofuata angesimama mbele ya walimu kuutetea mradi wake, na hakuwa na jaribio lingine.

Babu yako aliendesha. Tumaini, akiwa nyuma, alipiga kelele kwamba nyuzi zimelala. Mimi nilikuwa nimekaa mbele, sikuziona. Tuliposimama nilimwambia upepo umepungua tu, na kwamba ameona alichotaka kuona. Alichukua spana akaanza kulegeza nati za bawa.

Babu yako alinigeukia.

"Binti, kahawa yetu unaichambua ukiwa mbali?"

"Hapana, baba. Nakaa nayo, naishika punje kwa punje."

"Basi panda nyuma ukatazame. Na wewe Tumaini, ziache nati hizo. Huyu nimemzaa mwenyewe, kelele zake nazijua."

Nilipanda, babu yako akaondoa gari tena. Pampu ilipopuliza mfululizo, nyuzi zilitapatapa. Ilipopuliza kwa vipindi, zikalala. Sikuridhika, nikamwomba Tumaini aiinue pua ya bawa zaidi, na zaidi tena, mpaka nyuzi zikacheza ovyo na pampu ikashindwa kabisa kuzirudisha. Nilidhani atakasirika. Akacheka. Alikuwa hajui dawa yake inakomea wapi, sasa amejua. Walimu aliwaeleza yote mawili, inapofaa na inapokomea, wakampitisha.

Mwanangu, unakwenda chuo na maswali mengi, wala sikuombi uyapunguze. Mimi mpaka leo nabishana hata na mchungaji. Ila ukimtilia mtu shaka, kaa naye mpaka mwone jibu pamoja. Shaka isiyotaka kutazama ni uvivu tu, na mwenzako anaweza kuiamini akaacha kazi yake njiani.

Mungu akupe macho yasiyochoka, na marafiki watakaokuvumilia.