Hawala Iliyonywewa Bububu

Mjomba wangu aliwahi kubeba barafu kichwani kutoka kiwandani mpaka harusini, akafika na gunia bichi tu. Nilikuwa mdogo sana, lakini gunia lile nililishika kwa mkono wangu, na ubaridi wake naukumbuka mpaka leo kuliko mambo ya juzi. Ilikuwa harusi ya mama yangu mdogo. Watu washasikia kuna mashine mjini inagandisha maji yakawa jiwe, na mjomba, mtu wa makuu, akaapa kwamba sharubati ya bibi harusi itanywewa kwa barafu au yeye si mwanamume.

Akanunua bonge kama tofali la kujengea. Likafunikwa unga wa mbao, likatiwa guniani, akajitwika. Angekwenda moja kwa moja lingefika. Lakini mjomba hakuwa mtu wa kupita na jambo kama lile watu wasilione. Kila baraza anasimama. "Guseni," anasema, "guseni jamani, maji haya." Watu wanagusa, wanapiga kelele, wengine wanalamba. Alipofika, wanawake washapanga bilauri, akafungua gunia mbele yao, na ndani mna unga wa mbao ulioloa, basi. Bibi yangu akamtazama, akamuuliza, "Umetuletea jasho la nani?"

Kisa kile kilienea mjini, na bwana mmoja mfanyabiashara alicheka hata akamtafuta mjomba amwone, akampa kazi ya kuchukua mizigo boharini kwake. Ndivyo mjomba alivyokuwa hamali, na mimi nilipoota ndevu nikamfuata. Nasema haya ili mjue kwamba benki sikuingia kwa elimu. Niliingia kwa shingo. Tuliitwa watu kumi na wawili kupandisha kasha la chuma ghorofani, katika nyumba ya Mwarabu waliyoipanga wenye benki, na ngazi za nyumba zile mnazijua, nyembamba kama koo. Tulipomaliza, Mzungu mkubwa wa benki akauliza kwa kinywa cha karani wake nani kati yetu anajua kusoma. Nikainua mkono. Chuo cha Kurani nilifika juzuu ya saba nikatoroka, lakini hakuuliza juzuu. Kesho yake nikawa tarishi, nakaa mlangoni juu ya kigoda, nikiitwa naitika naam, nikitumwa nakwenda.

Mwaka mzima niliamini kwamba rupia zinakuja na meli. Mtu akipeleka fedha Bombay, nafikiri zile zile zinatiwa guniani, zinakwenda. Siku moja nikamuuliza karani mkubwa mbona magunia siyaoni. Karani yule alikuwa Mgoa, nguo nyeupe, masharubu membamba kama yamechorwa kwa kalamu, mtu mkali lakini si mbaya. Akacheka mpaka akaweka kalamu chini.

"Rupia haziendi popote," akasema. "Mtu anaweka fedha zake benki yetu ya Bombay. Wao wanaandika karatasi mbili. Moja, ndiyo hawala, anapewa yeye, amtumie mama yake huku. Ya pili wanatuletea sisi wenyewe, kutuambia: akija mtu na karatasi ya nambari hii, mlipeni. Basi."

"Na pasipokuwa na benki yetu?"

"Pana rafiki yetu. Maskati hatuna mlango, tuna rafiki. Yeye analipa, sisi tunamlipa."

Ikanipendeza sana. Nikaona benki ni kama ukoo wa watu wa Hadhramaut: ukimkosa mwana unampata mkwe. Na walikuwa na kitabu kinene cha sahihi za mabwana wote wa kila mji. Karatasi ikija, karani anafungua kitabu, anaweka miwani, analinganisha mkia na mkia. Sahihi nyingine zilikuwa nzuri, nyingine kama kuku kapita kwenye wino. Mimi kusoma Kizungu sijui, lakini baada ya miaka miwili nilikuwa namjua bwana wa Bombay kwa mkia wake, na wa Adeni kwa nukta zake tatu, na hakuna hata mmoja niliyepata kumwona uso.

Sasa nije kwa bibi mmoja.

Alikuja asubuhi, mwanamke mtu mzima wa Bububu, kajitanda kanga mpya, na mkononi kashika karatasi iliyokunjwa. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akasema, "Marahaba mwanangu. Hapa ndipo wanapotoa fedha za mwanangu wa Bombay?" Nikasema ndipo. Akapanda zile ngazi bila kushika ukuta. Hilo nililiona, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nikishika.

Karani akaipokea karatasi. Akaigeuza juu, akaigeuza chini, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha. Akaniita.

"Hii imeandikwa Kiarabu. Inasema rupia ngapi?"

Nikaisoma polepole, herufi kwa herufi, kama nilivyozoea. "Bwana," nikasema, "haisemi rupia."

"Inasema nini?"

"Ni dua. Ya kuponya maumivu."

Karani akamtazama bibi. Bibi akanitazama mimi, akashika mdomo. "Mwanangu, soma vizuri."

"Nimesoma, bibi. Ni dua ya magoti."

Akakaa chini pale pale sakafuni. "Basi ile niliyoinywa ni nini?"

Mambo yakajulikana hivi. Mwanawe alikuwa mtia makaa katika meli za moshi, makazi yake Bombay. Mama yake alikuwa kamwandikishia barua mbili kwa mpigo: magoti yananiua, nitafutie dua kwa masheikh wa huko, na mwaka huu mjomba wako anakwenda Hijja, ndiye maharimu wangu, jamaa mwanamume wa kunisindikiza, nami nataka kwenda naye, nitumie nauli. Kijana mtiifu akajibu yote kwa bahasha moja. Mwalimu wa msikitini akamsomea bibi ile barua: zimo karatasi mbili, moja loweka unywe kwa magoti, moja peleka benki mjini. Kisha mwalimu akaondoka zake, bila kusema ipi ni ipi.

Na bibi akachagua kwa akili yake, na akili yake wala haikuwa mbaya. Moja ilikuwa kijikaratasi kidogo, chembamba, mistari mitatu ya wino mweusi. Akasema, hii ndiyo ya mfanyabiashara. Wafanyabiashara wote karatasi zao ni vipande. Ya pili ilikuwa nzito kama ngozi, imepambwa pembeni, ina muhuri, maandishi ya zambarau yanakwenda kama mawimbi, na juu pana picha ya mwanamke wa Kizungu kakaa juu ya mizigo.

"Nikasema huyu ndiye mgonjwa," bibi akatuambia. "Anapumzisha magoti."

Basi akatwaa bakuli jeupe, akatia marashi, akailoweka hawala ya benki kama kombe, akanywa asubuhi na jioni siku tatu.

Karani akanigeukia. Kisha akauliza, "Ameinywa?"

"Ameinywa, bwana."

"Yote?"

"Maandishi yote," bibi akajibu mwenyewe. "Karatasi ninayo. Dua haitupwi jalalani, nimeipachika darini."

Karani akaingia kwa Mzungu. Tukasikia maneno ya chini chini, halafu kicheko ambacho sikupata kukisikia nyumba ile. Mzungu akatoka, uso mwekundu, anafuta miwani. Akataka aulizwe bibi ladha yake ilikuwaje.

"Mwambieni chungu kuliko shubiri," bibi akasema. "Lakini magoti, alhamdulillahi. Leo nimekuja kwa miguu yangu kutoka Bububu."

Mzungu alipofasiriwa akashika goti lake mwenyewe, nadhani alikuwa na baridi yabisi, akamwambia karani jambo wakacheka tena. Mimi nikacheka kwa kuwafuata. Bibi hakucheka. Meli ya Adeni, waendako mahujaji kabla ya Jidda, ilikuwa inaondoka keshokutwa. Kaka yake alikuwa na nauli ya mtu mmoja tu. Asipoipata hii, kaka anakwenda, maharimu mwingine hana, na umri wake, alivyosema, si wa kuungoja mwaka mwingine.

Karani akafungua barua ya Bombay. Nambari imo, jina limo, fedha zimo. "Lakini bila karatasi hatulipi," akasema. "Ndiyo kanuni. Kesho akija mtu mwingine nayo, itakuwaje?"

"Nani atakuja nayo?" bibi akasema. "Si iko tumboni mwangu!"

Kwa neno hilo Mzungu akaamua. Akaamuru ipigwe simu Bombay. Wakati huo simu ilikuwa ya kugonga, maneno yanapita kwenye waya chini ya bahari, si hii ya kusemea. Wakiafiki kule, bibi atalipwa, lakini lazima kwanza mabaki ya hawala yaletwe yaonekane. Nikatumwa Bububu na gari moshi.

Wacha niseme kidogo juu ya gari moshi ile, maana vijana hawakuiwahi. Ilikuwa inapita vichochoroni karibu na milango ya watu, mtu akinyoosha mkono dirishani anaweza kuchukua maandazi ya mwenziwe. Kuku walikuwa hawaiogopi tena, waliiogopa wenye kuku. Bibi alikaa nami akaninong'oneza njia nzima: "Mzungu wako mtu mwema? Ana mama?" Nikasema lazima anaye. "Basi atanilipa." Na mimi moyoni naomba Mungu ile karatasi isiwe imeliwa na panya.

Haikuliwa. Tuliikuta darini imekauka, imekakamaa kama kauzu, inanuka marashi. Wino wa kalamu umekwenda wote, jina, fedha, na ule mkia wa bwana wa Bombay niliokuwa nikiupenda. Lakini vilivyopigwa chapa havikuondoka: pambo la pembeni, mwanamke juu ya mizigo, na pale kwenye pembe, nambari. Nikaichukua kwa mikono miwili, nikarudi nayo mjini kama niliyebeba yai. Karani akailinganisha nambari na barua, akainusa, akaipiga pini katika kitabu. Harufu ile ilijaa ofisini kote, hata bwana mmoja Mhindi akaniuliza kama tunauza marashi siku hizi.

Siku ya pili jibu halikuja. Bibi alikaa barazani kwetu kutwa, anashona kofia, na kila akipita mtu wa ofisi ya simu anasimama. Siku ya tatu akaja na kasha lake la safari kabisa, limeletwa na punda. "Kama siendi nalo, nitalirudisha," akasema, lakini niliona alikuwa keshaaga watu wake wote. Meli ilikuwa inatoa moshi bandarini. Wakala wa meli, ofisi yake kule forodhani, alikuwa kasema tiketi ya bibi ataishikilia mpaka adhuhuri, baada ya hapo anauza.

Jibu likaja jua lishapanda. Karani akalifungua, akalisoma, na masharubu yake yakainuka. "Lipa," akasema. "Wamesema lipa."

Bibi akapiga kigelegele ndani ya benki. Sijui kama kabla yake au baada yake mtu amepata kufanya hivyo. Mzungu akatoka kutazama kuna nini, akapewa mkono wa bibi aubusu au autikise, akautikisa. Bibi akaweka dole gumba kwenye kitabu, akafunga rupia zake katika pembe ya kanga, na hapo hapo meli ikalia honi ya kwanza.

"Nani atanichukulia kasha?" akasema. Mwenye punda keshaondoka.

Nikainama nilishike. Karani akasema, "Wewe kaa. Leo siku ya meli, mfuko wa barua haujatiwa lakiri. Ukifungwa utaupeleka."

"Bwana, tiketi yake adhuhuri."

"Atafute hamali."

"Mimi si ndiye hamali?" nikasema. Na nakiri, sikusema kwa ushujaa. Nilicheka tu.

"Ukitoka na kasha hilo, usirudi."

Nikajitwika. Lilikuwa zito, sijui aliwapakilia nini watu wa Makka. Bibi akatangulia, magoti yale yale, na mimi nikawa namkimbilia nyuma, anapasua watu, "Nipisheni, nnakwenda Hijja! Nipisheni!" na watu wanapisha, wanamwambia awaombee, na yeye anajibu, "Nitakuombeeni nyote, ondokeni njiani!" Kwa wakala tuliingia muadhini anasafisha koo. Tiketi ikatoka. Kaka yake alikuwa keshaingia mashuani, mzee mwenye bakora, akatuona akapaza sauti, "Nilijua tu! Umekuja kunisumbua mpaka Makka!" Bibi akamwambia, "Kaa upande, mzee, nipate pa kuweka miguu." Nikatia kasha mashuani. Bibi akanishika kichwa kwa mikono miwili, akanisomea, akanipulizia usoni.

"Rudi kazini, mwanangu, bwana wako asikasirike."

"Nnarudi, bibi."

Na kweli nilipita njia ile. Karani alikuwa kasimama mlangoni, jua kali, mfuko wa barua uko miguuni pake umetiwa lakiri, na hakuna wa kuupeleka. Akaniona kwa mbali.

"Wewe! Njoo, njoo uchukue mfuko, meli haijang'oa nanga!"

"Naam!" nikaitika, maana mkubwa akiita huitikiwa. Nikapita upande wa pili wa njia, nikaingia kichochoro cha kwendea Darajani, nikaenda zangu. Benki ile sikuirudia tena.