Walisema Mama Amenenepa

Mama alipoanza kuvimba, majirani zetu wa Kimandolu walinipongeza. Waliona mashavu yamejaa, wakasema kweli binti anajua kutunza, mama amenenepa. Nilitamani kuwafukuza. Ukimbonyeza mguu kwa kidole, shimo lilibaki palepale. Kisukari kilikuwa kimemkaa mwilini miaka mingi, sasa figo zilikuwa zimechoka na maji hayakuwa na pa kutokea. Daktari alitueleza waziwazi: chumvi kidogo sana, ndizi aache, na vinywaji vyote vya siku, chai na supu zikiwemo, visizidi chupa moja. Akizidisha, maji yatapanda hadi kwenye mapafu.

Nikapima chupa. Nikaficha chumvi. Lakini kwetu sisi watu wa Kilimanjaro mgonjwa haendewi mikono mitupu, na anachopelekewa ni mtori, ndizi na nyama zilizopondwa mpaka zikawa uji. Akina mama wa jumuiya walikuja na chupa za chai zilizojaa mtori. Tena ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, maduka yamefurika kila tulichokuwa tukikipangia foleni, basi wakaongezea maboksi ya juisi kutoka nje. Sukari tuliyonyimwa miaka yote ile ilikuja kumtafuta mama yangu kitandani.

Niliwaeleza mlangoni. Nikawaeleza tena chumbani. Waliitikia kwa upole, wakasali, kisha shangazi, dada mkubwa wa marehemu baba, akajaza bakuli na kuniambia hakuna ugonjwa unaotibiwa kwa kiu. Nilimwambia aliweke chini. Kwetu shangazi hajibiwi hivyo. Sikujali, na mpaka leo sijali.

Mama ndiye aliyenyoosha mkono. Alilipokea bakuli, akanywa taratibu mpaka likaisha, huku akimshukuru shangazi kwa Kichaga. Walipoondoka niligomba mpaka sauti ikanikauka. Nilimuuliza kama anataka kufa kwa ajili ya adabu.

Alikuwa ameegemea mito, kwa kuwa akilala chali alikosa pumzi.

"Mimi naondoka, mwanangu," alisema. "Wewe unabaki nao. Nikimrudishia bakuli lake, nani atakuja kukaa na wewe?"

Walikuja wote. Walilala sakafuni kwangu mpaka matanga yakaisha, na shangazi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuamka kuwasha moto, hata nikashindwa kumchukia kwa amani.