Mwinuko wa Mstari wa Mwanangu

Nilisoma mpaka darasa la nne tu, upande wa Butiama nilikozaliwa, na hesabu zilikuwa zinaniogopesha. Kwa hiyo nikianza kueleza habari za grafu hapa, mtu aniamini kwa kiasi. Naeleza nilivyoelewa, na nilielewa kwa sababu ya mwanangu, siyo kwa sababu ya akili.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijijini. Sisi tulipangiwa kijiji kipya si mbali sana na Bunda, nyumba zimepangwa mstari kama viazi kwenye tuta, na katikati zahanati ya matofali mabichi. Mume wangu alipata kazi kwenye jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, Bunda, anarudi mwisho wa juma. Nyumbani tulibaki mimi na mama yake.

Mkutano wa kijiji ulinichagua nimsaidie nesi siku za kliniki ya watoto. Mwenyekiti alisema ni kwa sababu najua kuandika. Labda ndivyo. Mimi niliona ni kwa sababu sikuwa na mtoto mgongoni. Wawili nilikuwa nimezaa, na wote wawili nilikuwa nimezika. Mama mwenye mikono mitupu hupewa kazi.

Nesi alikuwa mdogo kuliko mimi, msichana wa Musoma mjini, amemaliza kidato cha nne. Wanawake walimwita "ndugu nesi" kwa kumtania, maana kila mtu alikuwa ndugu siku hizo, na yeye aliitika bila kuinua macho. Kazi yetu ilikuwa hivi: mtoto anavalishwa suruali ya turubai yenye kamba, ananing'inizwa kwenye mizani iliyofungwa kwenye boriti, analia, nesi anasoma mshale, na mimi natia kitone kwenye kadi. Kadi ilikuwa na vyumba vidogo vidogo. Kwenda kulia ni miezi ya mtoto. Kwenda juu ni kilo zake. Mwezi ukiisha kitone kingine, halafu unaunganisha kwa rula.

Mwanzoni niliangalia kitone tu. Kikiwa juu nafurahi, kikiwa chini nasikitika. Nesi akanisahihisha.

"Dada, kitone ni leo. Leo haituambii kitu. Angalia mstari umeinuka kiasi gani."

"Nitajuaje kiasi?"

"Chagua sehemu mbili ambazo mstari unapita kwenye kona ya chumba sawasawa, usikisie. Na ziwe mbali mbali, ukichukua za karibu, mkono ukitetemeka kidogo tu umedanganyika. Sasa, toka ya kwanza mpaka ya pili umepanda vyumba vingapi?"

"Vinne."

"Umeenda kulia vingapi?"

"Vinne."

"Gawanya."

"Moja."

"Moja ya nini?"

Nikarudi kuhesabu vyumba. Wanawake kwenye benchi wakaanza kucheka. Mmoja akasema, "Moja ya ugali, ndugu nesi, mwenzetu ana njaa."

Nesi naye akacheka, lakini hakuniacha. Akanionyesha pembeni mwa kadi: chumba kimoja kwenda juu ni nusu kilo, siyo kilo nzima. Chumba kimoja kwenda kulia ni mwezi mzima. Kwa hiyo vyumba vinne juu ni kilo mbili, vinne kulia ni miezi minne, na mtoto mwenye kadi ile alikuwa anaongeza nusu kilo kila mwezi. "Shuleni wanaita gradienti," akasema. "Sisi tuseme mwinuko. Ukipanda, vizuri. Mstari ukilala, mwinuko ni sifuri, tuulize nyumbani kuna nini. Ukishuka, hatuulizi, tunampeleka Musoma."

Nilifurahi siku ile kuliko siku zote za shule. Nilikuwaga narudi nyumbani nikitazama matuta ya pamba nikijiuliza yamepanda kiasi gani kwa hatua ngapi.

Halafu nikapata ujauzito. Akazaliwa wa kike.

Mama mkwe hakungoja. Kwao, mtoto anayezaliwa baada ya wenzake kufa hufungwa chuma miguuni, awe mzito, asichukuliwe kirahisi. Alikwenda kwa mhunzi na jembe lililokwisha makali, likafuliwa pete nene, mbili kwa kila mguu. Mimi ni mtu wa kanisa, na mume wangu pia. Katekista alikuja kutuuliza. Mume wangu akasema ni mapambo. Haikuwa kweli, lakini sitamlaumu, nami nilikuwa nimesimama pale pale nikanyamaza. Nilikuwa nimezika wawili. Mtu angeniambia nimfunge mtoto jiwe ningemfunga.

Alipofika kliniki mara ya kwanza nilimwuliza nesi tufanyeje na vyuma vile, maana havivuliki, vimefungwa kwa nyundo. Nesi akafikiri, akasema tumpime navyo. "Tukimpima navyo kila mwezi, vitone vyote vitapanda kwa uzito uleule. Mstari wote utakaa juu kidogo ya pale unapotakiwa, lakini mwinuko haubadiliki. Na sisi tunataka mwinuko." Watoto wengine wawili watatu kijijini walikuwa na vyuma kama vile, tukawapima vilevile. Mpaka leo naona nesi alikuwa sahihi kabisa.

Mwanangu akapanda. Mwezi wa tatu alikuwa kilo sita, mwezi wa saba kilo nane, na katikati vitone vyote vilikaa kwenye rula. Nusu kilo kila mwezi. Niliupiga hesabu mstari ule mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mume wangu akija namwonyesha, naye anashika kadi kwa ncha za vidole, mikono yake ina nyuzi za pamba, anasema, "Inapanda, eeh?" nami namwambia inapanda.

Mwezi wake wa nane tulikuwa tunachuma pamba ya shamba la kijiji. Mtoto alishinda na bibi yake, mimi nakwenda kunyonyesha mchana na kurudi. Wiki moja kabla ya kliniki aliharisha siku mbili, akapona. Siku ya kliniki nesi alimvalisha suruali ya mizani, akasoma mshale.

"Nane kasoro."

"Soma tena."

Akasoma tena. Nane kasoro kidogo.

Nikatia kitone. Nikaweka rula kutoka kitone cha mwezi uliopita. Rula ikainamia chini upande wa kulia. Nimewaandikia watoto wa watu mistari ya namna ile nikiwa na moyo mtulivu. Wa kwangu mkono ulikataa kuuchora, nesi ndiye aliyeuchora. Alinishika bega.

"Dada. Kesho asubuhi kuna basi. Nitakuandikia barua ya hospitali."

Hakukosea kusema hivyo. Mstari ulikuwa umeshuka, na mtoto alikuwa ametoka kuharisha. Ningekuwa mimi ningesema hivyo hivyo.

Wale wawili waliotangulia, wote walifia Musoma hospitalini. Siisemi hospitali vibaya. Tuliwapeleka wakiwa wamechelewa, surua haingoji mtu. Lakini mwili wangu ulilijua lile basi.

Nyumbani mama mkwe aliniona uso tu akajua.

"Amesemaje?"

"Anashuka, mama. Kesho tunakwenda Musoma."

Akaketi. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwepo anapepeta mtama, akasema bila kuacha kupepeta, "Uji mwepesi huo. Mtoto anashindia maji."

"Uji mwepesi? Mimi?" Mama mkwe aliinuka. "Nimelea sita! Wewe mwenyewe ulikula uji huu huu na leo una makalio hayo!"

"Mimi nimesema uji tu, mama."

"Umesema mimi!"

Niliogopa kusema. Ukweli ni kwamba mimi pia nilikuwa nimeufikiria ule uji. Lakini yule mama alikuwa anamtafunia mtoto samaki mkavu kwa meno yake machache, anamtolea miiba kwa ulimi. Nimemwona. Nikasema, "Mama, hakuna anayekulaumu," naye akanitazama, akaingia ndani, hakula jioni ile.

Asubuhi nilifunga nguo, nikaenda zahanati kuchukua barua. Mtoto mgongoni, anacheka na kila kuku tuliyempita. Nesi alikuwa bado anaandika niliposikia mtu anahema mlangoni. Mama mkwe, amekuja mbio, kitenge kimefungwa upande, na mkononi kifurushi. Akakiweka juu ya meza ya nesi, kikagonga.

"Ni hivi," akasema. "Ni kwa sababu ya hivi. Tumevitoa."

Nesi akafungua. Pete nne za chuma.

"Mhunzi alivikata wiki iliyopita," mama mkwe akaendelea, na sasa alikuwa analia. "Vilikuwa vinambana. Mguu umenenepa, ngozi imepanda juu ya chuma, nikasema mjukuu wangu anaumia. Ni mimi niliyemwambia avikate. Na tangu siku ile mtoto anapungua. Virudishwe kabla hajapanda basi. Ndugu nesi, nakuomba, mwambie mkwe wangu asinikatalie."

Sasa niseme jambo ambalo mpaka leo linanishangaza. Nilijua vyuma vimetolewa. Nilikuwepo jioni ile, nilipaka mafuta alama nyekundu kwenye vifundo vya mtoto. Nesi naye alimvalisha suruali ya mizani kwa mikono yake. Hakuna kati yetu aliyeona. Tulikuwa tumezoea sana kwamba vyuma havihesabiwi.

Nesi aliinua pete zile, akazipima mkononi, akaacha kalamu. Halafu akasema polepole, "Bibi, mtoe mtoto mgongoni kwa mama yake."

"Unamfunga?"

"Namning'iniza."

Mtoto akaanza kulia alipoiona suruali. Nesi akamning'iniza, mshale ukasimama pale pale pa jana, nane kasoro. Kisha akaingiza pete moja kwenye suruali, ya pili, ya tatu, ya nne. Mshale ukasogea. Nikasogea nao. Ukasimama kwenye nane na nusu.

Nikachukua kadi, nikatia kitone kidogo kwa penseli, nikaweka rula toka mwezi wa tatu. Kikakaa juu ya mstari kama vile mtu amekiwekea nafasi.

"Mama," nikasema, na sauti yangu ilikuwa kama ya mtu mwingine, "hajapungua. Ni vyuma vilivyopungua. Yeye ameongeza nusu kilo, kama kila mwezi."

"Mimi nimesema ni vyuma."

"Ndiyo, mama. Umesema."

Nesi akacheka, akafuta macho, akarudi kwenye kazi yake, maana hakuwa mtu wa kuacha jambo nusu. Akachukua rula, akashusha vitone vyote vya zamani kwa uzito wa zile pete, akapiga mstari mpya chini ya ule wa kwanza. Mistari miwili ikaenda sambamba, mmoja juu, mmoja chini, mwinuko uleule. "Lakini ndugu zangu tusidanganyane," akasema. "Anapanda vizuri, ila ni mwepesi kuliko tulivyokuwa tunafikiri tangu mwanzo. Muongezeeni karanga za kusaga kwenye uji. Na wiki ijayo nimwone tena, bila chuma. Akiwa ameshuka hata kidogo, Musoma mtakwenda."

Mama mkwe aliyasikiliza yote. Halafu akauliza.

"Na asipofungwa chuma, nini kitamshika asichukuliwe?"

Nesi alinitazama mimi. Ningeweza kusema maneno ya katekista, lakini siku ile yasingekuwa ya kweli mdomoni mwangu. Nikamwambia, "Sijui, mama. Miguu yake imenenepa kwa mikono yako. Naomba tumwache hivi wiki hii moja, wewe na mimi tumtazame."

Nje basi lilipiga honi, likasimama, likaondoka.

"Basi alale kitandani kwangu," akasema. "Wewe utakuja kumnyonyesha huko huko."

Wiki ile mtoto alilala kwapani kwa bibi yake. Nikienda kunyonyesha namkuta mama mkwe macho wazi, kiganja chake kimefunika vile vifundo viwili. Karanga alizisaga mwenyewe. Wifi yangu alileta debe zima kutoka kwake, akaliweka mlangoni, akasema zimemzidi.

Siku ya kupima hatukuwa wa kwanza. Foleni ilikuwa ndefu na jua limeshapanda. Nesi akasoma mshale, akasoma tena. Nikatia kitone. Wiki moja ni robo ya chumba kwenda kulia, na kwenda juu haikufika hata hapo, nikainama karibu kabisa na karatasi.

"Imepanda?" mama mkwe aliuliza nyuma yangu.

"Ngoja, mama, napima. Mwinuko wa wiki moja si wa kuaminika sana, vitone viko karibu mno, inabidi..."

"Mkwe wangu. Imepanda, haijapanda?"

"Imepanda."

"Haya." Akamtoa mtoto kwenye suruali, akamgeukia mwanamke aliyekaa mwanzo wa benchi. "Sogea huko, mwanangu, umekaa kama umenunua. Mjukuu wangu anataka kunyonya."